Kurahisisha Msimbo wa Usimamizi wa Kumbukumbu katika Kerneli ya Linux: Mwongozo Kamili

Saraka iitwayo mm ndani ya kerneli ya Linux ndiyo inayoamua programu ipi ipewe ukurasa upi wa kumbukumbu (yaani kipande cha kumbukumbu chenye ukubwa maalumu), ukurasa huo unyang'anywe lini, na nini kifanyike pale kumbukumbu inapokwisha. Msimbo wake umekua kwa zaidi ya miaka 30 mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo umebeba mabaki ya kila namna: masharti yanayokaguliwa mara mbili, vibadilika ambavyo havina tena kazi, na funksheni zilizobakiwa na mwitaji mmoja tu. Mwongozo huu unamweleza msomaji anayeijua lugha ya C, na aliyewahi kutumia Git, jinsi ya kuyapata mabaki hayo, kuyaondoa bila kuharibu kitu, na kuwasilisha kiraka chake (patch, yaani badiliko la msimbo lililoandaliwa kutumwa) kwa wasimamizi.

Jambo moja litangulie. Kiraka cha kurahisisha ni dai kwamba msimbo mpya unafanya kile kile kilichofanywa na ule wa zamani, katika kila usanidi, kwenye kila aina ya prosesa, na kwa kila mpangilio ambao nyuzi (threads) zinaweza kukutana nao. Kufupisha mistari mitano ikawa miwili ni kazi ya dakika chache. Kazi iliyobaki yote ni kulithibitisha dai hilo, na ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: kuandaa mti wa msimbo

Mabadiliko mengi ya usimamizi wa kumbukumbu hayaanzii kwenye mti mkuu wa Linus Torvalds, bali hupitia mti wa Andrew Morton, msimamizi wa muda mrefu wa sehemu hii. Ikiwa tayari una nakala ya mti mkuu, usipakue kila kitu upya. Ongeza mti wa mm kama chanzo cha pili, na Git italeta tofauti peke yake, jambo ambalo lina maana kubwa kwa anayelipia intaneti kwa kifurushi.

```
git remote add mm https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/akpm/mm.git
git fetch mm
git checkout -b rahisisha mm/mm-unstable
```

Tawi la mm-unstable lina viraka ambavyo bado vinapitiwa na vinaweza kubadilishwa au kuondolewa, ilhali mm-stable lina vile vilivyotulia na ambavyo historia yake haiandikwi upya. Kuna pia mm-new, ambako viraka vilivyofika karibuni huwekwa kwanza. Epuka kishawishi cha kupakua mti kwa chaguo la `--depth=1` ili kuokoa nafasi, kwa kuwa utabaki na msimbo usio na historia, na historia ndiyo chombo utakachokitegemea zaidi.

Hatua ya pili: kutafuta penye kurahisishwa

Anayeanza hushawishika kufungua faili kubwa kama mm/page_alloc.c na kusoma kutoka juu hadi chini akitafuta mistari isiyopendeza. Njia hiyo huchosha, na mara nyingi huzaa viraka vya urembo ambavyo hakuna msimamizi anayevitaka. Ni afadhali kufuata nyayo za mabadiliko makubwa, kwa sababu kila badiliko kubwa huacha nyuma yake msimbo ambao sababu ya kuwapo kwake imeondoka.

Mifano ya miaka ya karibuni ni mingi. Toleo la 5.16 lilileta folio, yaani kundi la kurasa linaloshughulikiwa kama kitu kimoja, kazi iliyoongozwa na Matthew Wilcox, ili funksheni inayopokea kundi la kurasa isilazimike kila mara kuuliza ukurasa wa mwanzo wa kundi hilo ni upi. Tangu hapo, kila funksheni inayogeuza folio kuwa ukurasa na kisha kuurudisha ukurasa huo kuwa folio ni mahali pa kupatazama. Toleo la 6.1 liliweka muundo wa data uitwao mti wa maple kuwa hifadhi ya maeneo ya kumbukumbu ya mchakato, na likaondoa mti wa zamani pamoja na orodha iliyounganisha maeneo hayo. Katika toleo la 6.4 mgawaji wa kumbukumbu aitwaye SLOB aliondolewa, na katika 6.8 akafuata SLAB, hivi kwamba SLUB pekee ndiye aliyebaki. Palipokuwa na wagawaji watatu palihitajika funksheni za kuwaunganisha. Alipobaki mmoja, baadhi ya funksheni hizo zikawa daraja lisilovuka mto wowote.

Kwa mabaki madogo zaidi, tumia Coccinelle, chombo kilichobuniwa na watafiti wa Ufaransa na Denmark, ambacho hutafuta ruwaza katika msimbo wa C kwa kuzingatia muundo wake badala ya herufi zake. Kerneli huja na skripti zake ndani ya scripts/coccinelle. Amri ifuatayo hutafuta mahali ambapo kielekezi hukaguliwa kama ni NULL kabla ya kuachiliwa:

```
make coccicheck MODE=report M=mm \
     COCCI=scripts/coccinelle/free/ifnullfree.cocci
```

Ipo pia vma_pages.cocci katika saraka ndogo ya api, inayotafuta mahali ambapo idadi ya kurasa za eneo imekokotolewa kwa mkono ingawa funksheni ya kuikokotoa ipo. Uwezo wa chombo hiki ulionekana wazi mwaka 2020, pale toleo la 5.8 lilipobadilisha namna ya kushika kufuli (lock) la anwani za mchakato, wakati huo likiitwa mmap_sem na sasa mmap_lock: sehemu kubwa ya miito iliyotapakaa kote katika kerneli iligeuzwa kwa kanuni fupi za Coccinelle, si kwa kuhariri faili moja baada ya jingine. Hata hivyo, ripoti ya skripti ni orodha ya mahali pa kuchunguza. Anayeituma kama ilivyo, bila kusoma msimbo unaozunguka kila mstari, hujulikana haraka.

Hatua ya tatu: kuuliza kwa nini mstari ule upo

Kabla ya kugusa chochote, tafuta aliyeuandika mstari na maelezo aliyoyatoa. Amri ya `git blame` hutosha kwa msimbo ambao haujahamishwa, lakini katika mm msimbo huhamishwa mara kwa mara kutoka faili hadi faili, na utajikuta umefika kwenye badiliko lililouhamisha tu. Amri hizi mbili hufika mbali zaidi:

```
git log -L :do_anonymous_page:mm/memory.c
git log -S'vmf_pte_changed' -- mm/
```

Ya kwanza huonyesha historia ya funksheni moja, kadiri kumbukumbu za Git zinavyofika nyuma. Ya pili huonyesha kila badiliko lililoongeza au kupunguza matumizi ya neno fulani. Ukikuta kwamba sharti unalotaka kuliondoa liliwekwa na kiraka kinachoeleza hitilafu iliyotokea kweli kwenye mashine ya mtu, basi umeokoka. Ukikuta kwamba liliwekwa kwa ajili ya kitu ambacho kiliondolewa baadaye, umepata hoja kuu ya kiraka chako, na utaitaja katika ujumbe wake.

Hatua ya nne: kuthibitisha kwamba matokeo hayabadiliki

Tuanze na mepesi. Funksheni ya kfree hukubali NULL na kurudi bila kufanya lolote, kwa hiyo sharti lililo hapa halina kazi:

```
if (ptr)
        kfree(ptr);
```

Linaweza kuwa `kfree(ptr);` tu. Lakini hata hapa pana mtego. Funksheni nyingi za kerneli hurejesha kosa likiwa limefichwa ndani ya kielekezi, na kielekezi cha namna hiyo si NULL. Palipoandikwa `if (!IS_ERR_OR_NULL(ptr))` unaweza kuondoa ukaguzi wa NULL na kuacha ule wa IS_ERR; ukiondoa vyote viwili, kfree itapewa anwani isiyo ya kweli. Aidha, katika njia inayopitiwa mara nyingi mno, mwandishi anaweza kuwa ameweka sharti kwa makusudi ili kuepuka gharama ya mwito, na hapo kimya ndicho kiraka bora.

Kokotozi za anwani zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hesabu ya kompyuta si hesabu ya daftarini. Msimbo unaotafutia nafasi mmap, mwito ambao programu huutumia kuomba eneo la kumbukumbu, huhakikisha kwanza kwamba urefu ulioombwa haukizidi kiwango, kisha huandika sharti la pili hivi:

```
if (mmap_end - len >= addr && ...)
```

Mtu akilisoma haraka huona kwamba `addr + len <= mmap_end` ni jepesi zaidi kueleweka, na kialjebra ni kitu kile kile. Hata hivyo, addr hutoka kwa programu ya mtumiaji na inaweza kuwa namba yoyote. Ikikaribia ukomo wa biti 64, jumla itafurika na kuanza tena karibu na sifuri, na sharti litapita pale lilipopaswa kukataa. Umbo la kutoa ni salama kwa kuwa len imekwisha kukaguliwa. Kila unapohamisha namba kutoka upande mmoja wa ulinganisho kwenda mwingine, jiulize ni upande upi unaoweza kufurika, na ni nani anayeidhibiti thamani yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, nacho ni nyuzi zinazokimbia sambamba. Programu inapogusa kwa kuandika anwani ya kumbukumbu isiyotokana na faili, ambayo bado haijapewa ukurasa, kerneli huingia katika funksheni ya do_anonymous_page, ambayo kwa umbo lake la msingi hufanya hivi:

```
folio = alloc_anon_folio(vmf);
...
vmf->pte = pte_offset_map_lock(vma->vm_mm, vmf->pmd, addr, &vmf->ptl);
if (!vmf->pte)
        goto release;
if (nr_pages == 1 && vmf_pte_changed(vmf)) {
        update_mmu_tlb(vma, addr, vmf->pte);
        goto release;
}
```

Msomaji mpya atasema kwamba ukaguzi wa vmf_pte_changed ni wa ziada, maana tumefika hapa kwa sababu tu ingizo la jedwali la kurasa (jedwali linalounganisha kila anwani ya programu na ukurasa wake) lilikuwa tupu, na hilo lilikwisha kuthibitishwa na aliyetuita. Kosa la hoja hiyo limo katika wakati uliopita kati ya kuthibitisha na kushika kufuli. Kugawa ukurasa kunaweza kulazimu uzi ulale hadi kumbukumbu ipatikane, na kufuli la jedwali la kurasa ni la aina ambayo anayelisubiri huzunguka pale pale bila kulala, hivyo haliwezi kushikwa wakati wa kugawa. Katika mwanya huo uzi mwingine wa mchakato ule ule unaweza kugusa anwani ile ile, ukapata ukurasa wake, ukauweka katika jedwali na kuanza kuandika data. Kufuli la mmap_lock halizuii, kwa kuwa nyuzi zote mbili hulishika kwa kusoma tu. Makufuli ya kila eneo yaliyoletwa na toleo la 6.4 nayo hayazuii, kwa sababu iyo hiyo. Bila ukaguzi wa pili, uzi uliochelewa ungefuta ingizo la mwenzake: data iliyokwisha kuandikwa ingepotea, na ukurasa wa kwanza ungebaki umeshikiliwa bila mwenyewe.

Ukaguzi wa `!vmf->pte` nao una hadithi yake. Kabla ya toleo la 6.5 funksheni ya pte_offset_map_lock haikuweza kushindwa. Tangu hapo inaweza kurejesha NULL, kwa sababu jedwali lenyewe linaweza kuondolewa wakati wewe unalitafuta. Anayejifunza kutokana na makala za kale atauona ukaguzi huo kuwa ni woga.

Ruwaza hii ya kukagua, kuandaa, kushika kufuli na kukagua tena imetapakaa mm nzima. Unapokutana na sharti linalorudiwa, tafuta kwanza kama kati ya ukaguzi wa kwanza na wa pili kuna kufuli linaloshikwa au kuachiliwa, au kuna mwito unaoweza kulala. Ikiwa upo, chukulia kwamba sharti lina kazi hadi uthibitishe kinyume chake.

Hali kadhalika kwa vibadilika vinavyoonekana kuwa vya bure. Mara nyingi utaona ingizo la jedwali likinakiliwa kwa pmdp_get_lockless au READ_ONCE, kisha nakala hiyo ikakaguliwa na kutumiwa. Kibadilika hicho kikiondolewa na ingizo likasomwa moja kwa moja mara mbili, msimbo utakagua thamani moja na kutumia nyingine, kwa kuwa prosesa nyingine inaweza kuwa imelibadilisha katikati. Kompaila nayo ina ruhusa ya kusoma upya kumbukumbu ya kawaida kila inapoona inafaa, na READ_ONCE ndiyo inayoinyima ruhusa hiyo.

La mwisho katika hatua hii ni njia za makosa. Ni kawaida kukuta matawi mawili yenye mistari inayofanana, na kutaka kuyaunganisha chini ya lebo moja ya goto. Angalia kila tawi linashika nini wakati huo. Funksheni ya handle_mm_fault ikirejesha VM_FAULT_RETRY, kufuli lililoshikwa kabla ya kuiita limekwisha kuachiliwa humo ndani. Ikirejesha matokeo ya kawaida, bado liko mkononi mwa mwitaji. Ukiyapeleka matawi yote mawili kwenye mstari mmoja wa kuachilia, utaachilia kufuli ambalo si lako.

Hatua ya tano: kuandika kiraka

Kiraka kimoja kibebe wazo moja. Kama msimbo unahitaji kuhamishwa kisha kurahisishwa, hamisha katika kiraka cha kwanza bila kubadilisha herufi, na urahisishe katika cha pili, ili msomaji asilazimike kutafuta mabadiliko ya maana katikati ya mistari iliyohama tu. Usichanganye humo marekebisho ya nafasi, majina au maoni yasiyohusika. Kisha pitisha kazi kwenye `./scripts/checkpatch.pl --strict`, ukikumbuka kwamba maonyo yake ni ushauri na kwamba sura ya faili lenyewe ina uzito zaidi.

Hatua ya sita: kujenga kwa usanidi tofauti

Msimbo wa mm umegawanywa na chaguo nyingi za usanidi, na badiliko linalojengeka kwenye kompyuta yako linaweza kuvunjika kwingine. Jenga angalau kwa allnoconfig, kwa allmodconfig, na kwa usanidi usio na CONFIG_NUMA, CONFIG_SWAP wala CONFIG_TRANSPARENT_HUGEPAGE. Ukiweza, ongeza ujenzi wa biti 32, na ule usio na CONFIG_MMU. Si lazima kujenga kerneli nzima kila mara, kwani `make W=1 mm/` hujenga saraka hii peke yake pamoja na maonyo ya ziada.

Ujenzi hukupa pia ushahidi wenye nguvu kuliko maneno yoyote. Hifadhi faili la .o la kabla ya badiliko, jenga tena, kisha linganisha asembli za mafaili hayo mawili kwa `objdump -d`. Zikifanana kabisa, dai lako limethibitishwa kwa usanidi huo. Usishtuke iwapo mafaili yenyewe hayalingani baiti kwa baiti ingawa maagizo ni yale yale: makro kama WARN_ON huhifadhi namba ya mstari, na kuondoa mstari mmoja juu yake kunatosha kuibadilisha. Asembli ikitofautiana, pima ukubwa:

```
./scripts/bloat-o-meter vmlinux.zamani vmlinux.mpya
```

Kupungua kwa baiti chache ni nyongeza nzuri kwa ujumbe wako. Kuongezeka kunadai maelezo.

Hatua ya saba: kupima kwenye mashine pepe

Washa kerneli ndani ya QEMU ikiwa na CONFIG_DEBUG_VM, CONFIG_KASAN, CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. KASAN hunasa matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, PROVE_LOCKING hunasa makufuli yanayoshikwa kwa mpangilio mbaya, na ya mwisho hulalamika pale msimbo unapojaribu kulala mahali pasiporuhusiwa. Kisha endesha majaribio ya kerneli yenyewe:

```
make -C tools/testing/selftests/mm
cd tools/testing/selftests/mm && sudo ./run_vmtests.sh
```

Yaendeshe kwanza kwenye kerneli isiyo na kiraka chako, kwa sababu baadhi hushindwa au kurukwa kutokana na usanidi tu, na bila msingi wa kulinganisha utahangaika na hitilafu zisizo zako. Ikiwa umegusa msimbo wa kunyang'anya kurasa, ipe mashine pepe kumbukumbu ndogo pamoja na eneo la swapu, na uendeshe programu inayoomba zaidi ya kilichopo. Mashine yenye kumbukumbu tele haifiki kabisa kwenye njia hizo. Kwa msimbo wa maeneo ya kumbukumbu upo mtihani mwepesi zaidi katika tools/testing/vma, unaoendeshwa kama programu ya kawaida bila kuwasha kerneli mpya.

Hatua ya nane: ujumbe, na kuutuma

Ujumbe wa kiraka huandikwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kazi ya kerneli, kwa sentensi fupi za kuagiza. Kichwa huanza na jina la sehemu husika, kwa mfano `mm/vmscan:`, na mwili hueleza hali ilivyo sasa, kwa nini sehemu hiyo haihitajiki, na umejuaje. Sababu ndiyo yenye thamani. Mistari iliyofutwa inaonekana tayari. Ukiwa na uhakika kwamba tabia haibadiliki, ongeza sentensi iliyozoeleka, `No functional change intended.`, na uitamke tu baada ya kupita hatua ya nne. Malizia kwa mstari wa Signed-off-by wenye jina lako.

Pata majina ya wapokeaji kwa `./scripts/get_maintainer.pl`, andaa kwa `git format-patch --base=auto`, na tuma kwa `git send-email`, kwa maandishi matupu bila kiambatisho. Angalia pia kalenda: baada ya kila toleo hufuata wiki mbili za kuingiza mabadiliko makubwa katika mti mkuu, na katika kipindi hicho wasimamizi hawana nafasi ya kazi ndogo. Subiri rc1, toleo la kwanza la majaribio linalotoka mwishoni mwa kipindi hicho.

Uwe tayari kuambiwa kwamba kiraka ni sahihi lakini hakitakiwi. Kila badiliko hutumia muda wa msomaji, huongeza tabaka katika historia ya mstari, na huweza kuzuia marekebisho ya usalama yasiingie kirahisi katika matoleo ya zamani yanayodumishwa. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni ya haki: kurahisisha kunakofungua njia ya kazi nyingine, au kunakoondoa dhana ambayo kila msomaji wa faili hulazimika kuibeba kichwani, kunastahili gharama hiyo, ilhali kubadilisha sharti la mistari mitatu liwe la mstari mmoja mara nyingi hakustahili.

Ukiombwa marekebisho, tuma toleo jipya lenye alama ya v2, na ueleze kilichobadilika chini ya mstari wa `---` ili maelezo hayo yasiingie katika historia. Kiraka kikishapokelewa, mifumo ya kujiendesha kama roboti ya majaribio ya Intel inaweza kukipata na kasoro katika usanidi ambao hukuufikiria. Kikiwa bado mm-unstable, tuma rekebisho dogo juu yake, nalo litaunganishwa na kiraka cha awali kabla hakijasonga mbele. Kikiwa kimefika mm-stable, rekebisho litakuwa kiraka kinachojitegemea, chenye mstari wa Fixes unaotaja herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lako.